Abushiri kwa saksafoni, kwa ngoma au kwa utenzi? Ulinganisho kwa vikundi vya Tanga, Pangani na Bagamoyo

Mwalimu mmoja wa sekondari alinikuta barazani, Ngamiani mjini Tanga, akavuta kigoda. "Shikamoo kaka. Nataka wanafunzi wangu wasimulie habari za Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, kwa muziki. Nikodi bendi au niite ngoma?"

"Marahaba. Abushiri yupi?"

Akacheka, akidhani namtania. Sikuwa natania. Ukitoka Tanga ukateremka pwani hadi Bagamoyo utakutana na Abushiri zaidi ya mmoja, na kila muziki una wake unaompenda. Mazungumzo yetu yalikwenda mpaka adhana ya magharibi, na haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha ondoka.

Kwanza kisa chenyewe. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa Mrima, yaani pwani ya bara, na ushuru wa forodha zake kwa miaka 50. Agosti maofisa wa kampuni wakaja kupandisha bendera. Pangani alikuja Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na habari ya kuingia kwake msikitini na viatu na mbwa wakati wa Idi inasimuliwa hadi leo. Mji ukawaka. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyekuwa na shamba la miwa karibu na Pangani, akashika uongozi. Saadani akasimama Bwana Heri. Septemba ilipomalizika, kampuni ilikuwa imebaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Berlin ikamtuma Hermann Wissmann na jeshi la kukodi, wengi wao Wasudani waliochukuliwa Misri. Tarehe 8 Mei 1889 akalivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo, Julai akazitwaa Pangani na Tanga, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Hayo hayana ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza alikuwa nani. Wajerumani waliita vita vile uasi wa Waarabu, wakasema wamekuja kukomesha utumwa. Baada ya uhuru, somo la historia likamweka Abushiri katika safu ya mashujaa waliopinga ukoloni. Lakini huyu shujaa alikuwa na watumwa shambani, na ugomvi wake na Sultani ulikuwapo kabla ya Mjerumani kutia mguu. Na waliopigana hawakuwa Waarabu peke yao: walikuwamo Wazigua, Waswahili wa mijini, wapagazi wa Kinyamwezi waliokuja na misafara ya pembe za ndovu, hata watumwa, kila mmoja na kisasi chake. Ukitaka kuyaimba haya, unaimba ya nani?

Njia tatu zinazoulizwa

Jazi. Hapa Tanga neno hili lina mambo yake. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi zilizoutangaza mji huu, zilikuwa bendi za dansi: magitaa, tumba, saksafoni, rumba, watu kwenye sakafu. Jazi ya New Orleans, waliyoizaa wajukuu wa watumwa wa Marekani, ni ndugu yao wa mbali, na humo mpigaji huruhusiwa kuuacha wimbo akaenda kutafuta lake, kisha akarudi. Ninaposema jazi katika makala haya nina maana ya bendi yenye saksafoni au tarumbeta, gitaa, besi na drams, inayowapa wapigaji nafasi ya kubuni papo hapo. Mapigo yakiwa ya rumba, sawa tu.

Ngoma za asili. Selo ya Wazigua, mdumange ya Usambara, mdundiko ya Wazaramo ukifika upande wa Bagamoyo. Manju, kiongozi wa wimbo, anaanzisha, wenzake wanapokea, masogora, wapiga ngoma, wanasukuma.

Utenzi wa kughani, mkavu au ukisindikizwa na dufu au udi. Watu huisahau njia hii wakati ndiyo kongwe kuliko zote kwa kisa hiki. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia utenzi vita hivi vingali vibichi, mwaka 1307 wa Hijria, akiwa mtu wa pwani hii hii.

Vigezo nilivyompa mwalimu ni vinne: ubishi unakaa wapi katika muziki wenyewe, maneno yanamfikia nani, inahitaji watu na fedha kiasi gani, na miiko ipi unaweza kuivunja bila kujua. Utamu sikuuweka. Kikundi kizuri kitakupa utamu kwa njia yoyote.

Ubishi unakaa wapi

Hiki ndicho kigezo kinachonikosesha usingizi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Nguvu ya jazi ni kwamba wapigaji wawili wanaweza kupingana ndani ya wimbo mmoja bila kusema neno. Kikundi chetu kiliwahi kulijaribu hili mazoezini. Besi ilipewa mstari mmoja mfupi usiobadilika, ndio kinu cha miwa, kinazunguka tu. Juu yake saksafoni ikatamba kama bwana shamba aliyekusanya watu wa vita. Kisha gitaa likaingia na sauti zisizokaa vizuri na zile za saksafoni, kama mtu anayenung'unika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyesema "mtumwa", na kila aliyekuwamo alisikia. Tena kuna jambo la ndani zaidi. Ukimsimulia mtu aliyekuwa na watumwa kwa muziki wa wajukuu wa watumwa, swali umekwisha kuliuliza kabla ya kufungua kinywa.

Udhaifu wake? Dansi ni mlevi. Siku ya onyesho letu, uwanja wa wazi, watu wamejaa, tulifika sehemu ya kunyongwa. Tulikubaliana ipigwe polepole mpaka inyamaze. Mpiga solo akapandwa na mzuka, akaingiza chemko, mapigo ya kasi ya kuchezea. Uwanja mzima ukainuka kucheza. Mama mmoja akaja na noti akamtunza mpiga gitaa kwenye paji la uso, vigelegele juu, na Abushiri wetu amesimama palepale na kamba shingoni, hajui acheze au afe. Sikumlaumu mpigaji. Nilijilaumu mimi niliyedhani kikao kimoja cha mazoezi kinaweza kuishinda tabia ya miaka 60.

Ngoma husema "sisi". Kiitikio kinamkokota hata aliyekuja kununua kashata, anajikuta anaitikia. Kwa Pangani ya Agosti 1888, mji mzima umetoka, hakuna muziki unaoifikia ngoma. Sisi Nyundo tulimpa kipande cha reli kilichogongwa kwa chuma, mlio mmoja mkavu unaokata mapigo kila anapotokea, mpaka masogora wenyewe wakaanza kumchukia. Lakini "sisi" hiyo haina mahali pa kumweka asiyekubali. Yule aliyekata miwa, aliyeitwa vitani na bwana wake, ataitikia vipi? Akiitikia na wenzake, umemnyamazisha mara ya pili.

Dawa yake ipo, na ni ya hapa hapa nyumbani: ngoma za kushindana. Pwani hii imezoea mtaa kupambana na mtaa kwa nyimbo, kundi kutupiana mafumbo na kundi. Siku za beni, ngoma ya kuiga bendi za jeshi, vikundi vya Marini na Arinoti vilitoleana mpaka vikagombana. Weka makundi mawili uso kwa uso. Hili linamsifu simba wa Pangani, lile linauliza simba alikuwa anakula nini. Hakuna mwamuzi. Watazamaji watachagua pa kusimama, na usishangae wakihama katikati. Beni yenyewe, kwa kuwa ilizaliwa zama hizo za kikoloni kwa kuiga gwaride na vyeo vya jeshi, inafaa mno kwa kuingia kwa Wissmann: tarumbeta, saluti, kofia za makaratasi. Kejeli inafanya kazi ambayo hotuba haiwezi.

Ni haki pia niseme kwamba si kila cha asili ni cha umati. Marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi na kufundisha Bagamoyo, aliketi na ilimba au zeze la Kigogo akabeba jukwaa karibu peke yake, na huko Ulaya walinyamaza kumsikiliza. Ukimpata kijana mwenye zeze na subira, huyo mkata miwa ana sauti.

Utenzi ubishi wake umo katika hoja. "Akanena... akajibu..." Beti kumi za Abushiri, beti kumi za Sultani, mbili za mtu asiyetajwa jina. Unaweza kuingiza mambo ambayo saksafoni haiyawezi na ngoma haiyangoji, mfano kwamba Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro Oktoba 1889, mwaka uliotangulia alikuwa mfungwa wa Abushiri huku pwani, akakombolewa kwa fedha. Hiyo ni vita au biashara? Mizani minane, vina vitatu na bahari, yaani kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti, na neno moja likiwekwa mahali pake linachoma. Niliutunga ubeti huu kumwonyesha mwalimu:

Miwa yote walivuna,
Jasho lao, si la Bwana,
Wakaitwa kupambana
Kwa nchi isiyo yao.

Upungufu ni kwamba wote hawa wanasema kwa ulimi wa mtu mmoja. Mtunzi akiwa na upande, hata mpinzani wake atashindwa kwa heshima. Tena utenzi una desturi ya mtunzi kujitaja mwishoni, kwa hiyo maoni yana mwenyewe, na mwenyewe anakaa mtaa wa pili.

Maneno yanamfikia nani

Bendi hula maneno. Spika zikiwa karibu na ukuta, hata jina la Abushiri litasikika kama la mtu mwingine. Tunga mistari michache inayorudiwa, na tarehe umwachie msimulizi kati ya wimbo na wimbo.

Ngoma ina tatizo la lugha. Selo ikiimbwa Kizigua kitamu, Handeni watalia, Tanga mjini watapiga makofi. Kiitikio kiwe cha Kiswahili, beti za manju zibaki zilivyo; anayejua atamweleza jirani yake, na hicho nacho ni kipindi cha historia.

Utenzi hufikisha kila neno, kwa sharti kwamba msikilizaji hajaondoka. Kwa kusikiliza jukwaani, dakika 20 zinatosha. Nimewahi kukaa kwenye ghani la saa nzima, nikabaki mimi, mghani na mlinzi.

Watu, vyombo, fedha

Jazi ndiyo ghali. Vyombo, fundi mitambo, jenereta la akiba kwa sababu umeme unaweza kukatika Nyundo ndiyo kwanza anafika msikitini, na mazoezi ya wiki kadhaa kwa wapigaji waliozoea vibao vya harusi. Ngoma vyombo vyake ni rahisi lakini watu ni wengi: nauli, chakula, nguo. Ukipiga usiku ufukweni, unyevu wa bahari unalegeza ngozi, kwa hiyo weka moto wa kuziwambisha na mtu wa kuuangalia. Utenzi unataka mtu mmoja, dufu na kipaza sauti. Shida ni kumpata huyo mmoja, maana kughani si kusoma kwa sauti ya kulia. Kwa njia zote tatu mwone mapema Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, usingoje wiki ya mwisho.

Bagamoyo mnapumua kidogo hapa. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, imetoa watu wanaojua kusoma nota na kuwamba ngoma kwa mikono ile ile. Tanga inabidi uwatafute mmoja mmoja, huyu Makorora, yule Chumbageni, na kila mmoja ana bendi nyingine inayomdai.

Miiko

Ngoma ndiyo yenye miiko mingi, na ndiyo niliyoivunja. Kwa sehemu ya kamba tulitafuta mapigo mazito, kijana wetu mmoja akaja na mapigo aliyoyasikia kwao. Yalikuwa mazuri, yanasimamisha nywele. Tulipoyapiga, mzee mmoja alitoka kwenye mikeka akaja polepole, akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. "Mwanangu, hii haipigwi kwa mchezo. Hii ina wenyewe." Yalikuwa mapigo ya pepo. Tulisimama pale pale, tukamwomba radhi, tukamaliza onyesho bila ngoma ile. Tangu siku hiyo kila pigo jipya tunalipeleka kwanza kwa wazee, na nyimbo za jando na unyago hatuzigusi kabisa.

Jazi haina miiko ya ndani ila ina ya mahali. Usiweke spika zielekee msikiti, na kama onyesho linavuka wakati wa isha, panga mapumziko tangu mwanzo, usisubiri kuambiwa. Utenzi hufunguliwa kwa kumtaja Mungu na kumsalia Mtume, jambo linalowafurahisha wazee wa mjini. Wabondei wa Muheza, wengi wao Wakristo kwa vizazi kadhaa, watausikiliza kwa adabu, lakini mualike na mmoja wao atie beti zake.

Mwiko mkubwa kuliko yote hauna muziki. Ziko koo ambazo neno "mtumwa" halitamkwi mbele ya wageni, na upande mmoja wa ukoo unajua jambo ambalo upande wa pili umeamua kulisahau. Usigawe nafasi kwa rangi za watoto, mweupe awe bwana na mweusi awe mtumwa. Niliona mzazi akimchukua binti yake katikati ya mazoezi kwa sababu hiyo, na alikuwa na haki.

Vipi kuzichanganya?

Kila mtu anauliza, na jibu langu ni fupi. Zumari na marimba hazikutengenezwa kwa kipimo kimoja na saksafoni. Ukizilazimisha kwa pamoja zote zitasikika kama zimekosea. Zipe zamu. Mkataba wa 1888 kwa utenzi, Agosti kwa ngoma, mti wa kunyongea kwa jazi, na kimoja kinyamaze kabisa kingine kinapoanza. Gharama utajumlisha zote, usidanganyike kwamba mchanganyiko ni njia ya kati.

Kwa hali yako

Kama onyesho ni la uwanjani, bure, watu wanapita na baiskeli zao, chukua ngoma mbili za kushindana. Bendi uwanjani itageuka dansi, na utenzi utamezwa na kelele za bodaboda.

Kama ni ukumbini, watu wamelipa kiingilio na wameketi, na mna miezi miwili ya mazoezi, jazi itawapa kitu ambacho hawajawahi kukisikia kuhusu kisa wanachodhani wanakijua. Hakikisha mpiga solo ameielewa hadithi kabla ya kuishika gitaa.

Kama ni redio, au siku ya kumbukumbu pale Pangani mbele ya watu wazima wanaotaka hoja, utenzi. Hali kadhalika kama fedha ni ya nauli tu.

Kama wageni hawajui Kiswahili, utenzi ni mateso kwao na kwako. Wape ngoma au jazi, na karatasi ya ukurasa mmoja yenye tarehe. Usiwape Abushiri mmoja mwepesi kwa kuwa ni wageni.

Na kama wazee wa mahali hapo hawajakubaliana wenyewe kwa wenyewe kuhusu Abushiri, usianze na muziki wowote. Peleka kahawa na tende kwanza, kaa chini, sikiliza.

Mwalimu wangu alikuwa na wanafunzi 40, tari nne, na bajeti isiyofika ya jenereta. Alichukua utenzi, akaugawa kwa waghani watatu, na darasa lote likawa makundi mawili ya kiitikio yanayotoleana. Alinipigia simu juzi. Beti zimekamilika, Sultani amepatikana, Nyundo amepatikana, hata wa kamba amepatikana. Kilichokwama ni kwamba hakuna mtoto anayekubali kuwa mbwa.